Maharage, Magugu na Dawa Isiyojua Nasaba

Masika ya miaka michache iliyopita, katika siku za mwanzo za kujiita kwangu mkulima, nilifanya jambo ambalo mpaka leo mama yangu huwasimulia wageni kabla chai haijapoa. Nilikuwa na robo tatu ya ekari ya maharage katika mteremko mmoja wa milima ya Usambara, si mbali na Lushoto, maharage mazuri ya Lyamungo 90 yaliyokwisha kutoa majani yake ya kwanza ya vidole vitatu, na katikati ya mistari yake magugu yalikuwa yameanza kuinua vichwa. Na kwa kuwa vibarua wa palizi walikuwa wameadimika, kila mtu akiwa na shamba lake la kuokoa, nilishuka mjini, nikanunua dawa ya magugu ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni ya maharage hasa, nikaazima bomba la mgongoni kwa jirani, nikalisuza mara moja kwa maji ya mfereji, nikapiga dawa toka alfajiri hata saa nne, nikarudi nyumbani na fakhari ya mtu aliyeimaliza kazi ya siku sita kabla ya jua kuwaka.

Siku ya tatu mama alinifuata barazani, mkononi ameshika mche mmoja alioung'oa na mizizi yake. Majani yalikuwa yamejikunja, vikonyo vimepindika kama pembe za kondoo, na shina limevimba na kuanza kupasuka.

"Mwanangu," akasema bila kupaza sauti, "haya hayana ndui wala kutu. Umeyanywesha nini?"

Nikamwapia kwamba nimeyapa dawa yake yenyewe, na sikuwa nimesema uwongo. Nilipokwenda kwa jirani kuitafuta asili ya msiba, yeye aliniuliza swali moja tu: bomba lile niliosha mara ngapi? Siku mbili kabla ya kuniazima alikuwa amelitumia kupigia mahindi yake dawa iitwayo 2,4-D, na masalio yaliyojificha katika mpira na katika kichujio, ambayo kwa mahindi yangekuwa si kitu, yalitosha kuwa sumu ya maharage yangu. Shamba ambalo mwaka uliotangulia lilitupa magunia matatu, mwaka ule lilitupa debe mbili na nusu. Muuzaji alikuwa amesema kweli. Dawa aliyoniuzia haikuwa na taksiri yoyote. Mjinga nilikuwa mimi.

Nimeanza na aibu yangu mwenyewe kwa sababu ndani yake limo jambo lote ninalotaka kulieleza katika makala haya. Watu wengi wanaonunua dawa ya magugu huuliza kama ina nguvu, na muuzaji, ambaye kazi yake ni kuuza, huwajibu kwamba ina nguvu sana. Ilhali nguvu ni rahisi: mafuta ya taa yana nguvu, chumvi ina nguvu, na maji ya moto huua gugu lolote yakilimwagikia. Kinacholipiwa fedha katika dawa ya magugu ya maharage ni kujua kubagua, na kubagua, ambako baina ya wanadamu ni aibu, kwa dawa ya magugu ndiyo sifa yake ya kwanza na ya mwisho.

Sasa mharage una balaa ya nasaba. Mahindi, ngano, mpunga na mtama ni jamaa ya nyasi. Mbegu zake huchipua jani moja jembamba, na kwa hiyo mkulima wa mahindi anayesumbuliwa na magugu ya majani mapana ana adui asiyefanana naye, akapata silaha ya kumpiga adui huyo bila ya kumgusa mwanawe. Silaha ya namna hiyo iliyopata umaarufu kuliko zote ni hiyo hiyo 2,4-D, ambayo ilivumbuliwa na wataalamu wa Uingereza na Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikaingia sokoni vita vilipokwisha. Hiyo haiuchomi mmea wala haiukaushi. Huiga homoni ya ukuaji iliyomo ndani ya mmea wenyewe, ukakua kwa fujo, huku ukipinda na kule ukivimba, mpaka ukajiangamiza kwa kukua. Nyasi huistahimili. Mharage hauwezi, kwa kuwa mbegu yake hufunguka vipande viwili na majani yake ni mapana, kama ya mchicha pori, kama ya mashona nguo, kama ya mnavu na kama ya mengi ya magugu yanayouzunguka. Kumpigania mharage kwa dawa ni kumpigania mtu aliyesimama katikati ya umati wa ndugu zake waliofanana naye sura, nao ndio wanaomnyang'anya chakula.

Na kunyang'anywa huko si jambo la kudharau. Mharage ni mmea mfupi, wenye mizizi isiyokwenda mbali, na umri wake aghalabu ni siku 70 hata 90 tu toka kupandwa hata kuvunwa. Hauna wakati wa kukawia na kufidia. Mwaka 2018 watafiti wa magugu wa Marekani na Kanada, waliokusanya pamoja majaribio ya miaka mingi, walitoa hesabu kwamba shamba la maharage likiachwa bila kupaliliwa wala kupigwa dawa hupoteza kwa wastani asilimia 71 hivi ya mavuno yake. Zamani kidogo, katika jimbo la Ontario, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba muda wa hatari hasa ni ule wa toka jani la pili la vidole vitatu hata ua la kwanza: gugu linaloota kabla ya hapo na kuondolewa mapema halidhuru sana, na linaloota baada ya hapo hukuta maharage yamekwisha kufunika udongo kwa kivuli chake. Mama yangu, ambaye hajapata kusikia jina la Ontario, hupalilia mara mbili, ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, na ya pili kabla maua hayajafunguka, na maua yakisha kufunguka hamruhusu mtu kuingia na jembe, maana hupukutika kwa kuguswa. Kalenda mbili hizi zimepishana kwa siku chache sana, na sikuona haja ya kuwapatanisha wenyewe.

Basi kama palizi ya jembe inajua wakati wake, dawa ya nini? Jawabu ni mikono. Tanzania ni mmoja wa wakulima wakubwa wa maharage barani Afrika, na mavuno ya nchi nzima kwa mwaka hupita tani milioni 1. Lakini ukigawanya mavuno hayo kwa mashamba, wastani wa hekta moja hauendi mbali na tani 1, ilhali aina nzuri zilizotolewa na vituo vya Selian na Uyole, zikipandwa kwa wakati na kutunzwa, huweza kuzaa mara mbili ya hapo. Sababu za upungufu huo ni nyingi: mbegu, mbolea, wadudu, mvua. Mojawapo, ambayo husemwa kidogo kwa kuwa aghalabu inawapata wanawake, ni palizi iliyochelewa. Mvua ikinyesha mfululizo magugu huota yote kwa pamoja katika mashamba yote ya kijiji, na siku zile zile mikono inatakiwa katika mahindi, katika viazi na katika mboga. Vijana wako Tanga na Dar es Salaam, watoto wako shuleni, na wanaobaki ni akina mama wenye migongo iliyochoka. Tena maharage yakiwa mabichi kwa umande au mvua hayafai kuingiliwa, kwa sababu nguo na miguu ya mpaliliaji huchukua maradhi ya majani kutoka mche mmoja hata mwingine; basi asubuhi nzima ya ukungu, na Usambara haina uhaba wa ukungu, watu hukaa kungoja. Anayemlaumu mkulima wa namna hii kwa kutamani dawa hajapata kuinama katika mstari wa maharage wa mita mia.

Zipo dawa zinazojua kubagua, na mlango wa kwanza wa kuzifahamu ni kuuliza zinapigwa lini. Kabla ya kupanda, mkulima anaweza kutumia ile isiyobagua kabisa, glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974, ambayo huua kila jani la kijani linaloigusa, nyasi na lisilo nyasi. Hiyo ni ya kusafisha uwanja, na ikishapandwa mbegu ikaota, haina ruhusa tena ya kukaribia shamba. Ikigusa udongo hunaswa na chembe za mfinyanzi ikapoteza kazi yake, ndiyo maana maharage yanaweza kupandwa baadaye. Lakini sifa hiyo hiyo huwakomoa wengi bila wao kujua, maana wakichota maji ya mto yaliyochafuka kwa tope, dawa hunaswa na tope lile ndani ya bomba, wakapiga maji matupu yenye rangi ya udongo na kurudi dukani wakidai wameuziwa dawa bandia. Pengine ni bandia kweli, kwani soko letu halikosi hizo. Lakini nimeona ndoo za maji wanayochanganyia, na mara nyingi sikuona haja ya kumshtaki muuzaji.

Aina ya pili hupigwa juu ya udongo baada ya kupanda na kabla ya kuota. Miongoni mwa hizi ni S-metolakloro na pendimethalini. Hizi hazina kazi na gugu lililokwisha kusimama. Hukaa katika tabaka jembamba la juu la udongo, na mbegu ndogo za magugu, ambazo huota humo humo juu, hukutana nazo zikiwa bado changa na kufa kabla hazijaona jua, ilhali mbegu ya harage, ambayo ni kubwa na imefukiwa chini zaidi, hupenya na kupita. Hapo ubaguzi umetokana kwa sehemu na mahali pa mbegu kuliko nasaba yake, na kwa hiyo mkulima aliyefukia mbegu juu juu kwa uvivu ameuondoa mwenyewe ulinzi wa maharage yake, hasa kwa pendimethalini. Udongo sharti uwe na unyevu. Katika udongo mkavu dawa hii hulala bila kazi, na katika udongo wa kichanga mvua kubwa huizamisha mpaka ilipo mbegu. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu, kwa rai yangu, ndiyo aina inayomfaa zaidi mkulima wetu mdogo, nayo ndiyo asiyoijua, kwa kuwa inamtaka atoe fedha kuliua gugu ambalo bado hajaliona kwa macho.

Aina ya tatu hupigwa maharage yakiwa yamesimama, na hapa ndipo nasaba inaposhika hatamu. Kwa nyasi ziko fluazifopi, kwizalofopi na klethodimu: hizi huzuia kimeng'enya ambacho nyasi hukitumia kutengeneza mafuta ya seli zake, na kimeng'enya cha mharage, kwa rehema ya maumbile, kina umbo jingine ambalo dawa hailishiki. Unaweza kupita juu ya maharage na nyasi kwa pamoja, na baada ya wiki mbili nyasi ikawa njano na kung'oka kwa kuvutwa kidogo, na maharage yakawa kama hayakuguswa. Kwa majani mapana iko bentazoni, ambayo husimamisha kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Bentazoni huingia ndani ya mharage kama inavyoingia ndani ya gugu. Tofauti ni kwamba mharage unajua kuivunja kabla haijauangamiza, na magugu mengi hayajui. Iko pia fomesafeni, kali zaidi, ambayo huyaachia majani ya maharage madoa ya kuungua yenye rangi ya shaba, mkulima akashikwa na fadhaa, kisha majani mapya yakatoka salama. Zote mbili zinamtaka mpigaji awahi: gugu lenye majani mawili hata manne hufa, na lililofika magotini huwa njano kwa wiki moja, likapumua, likaendelea na maisha yake.

Yote hayo ni kweli kwa shamba la maharage peke yake. Lakini ni wangapi kati yetu wenye shamba la namna hiyo? Katika Usambara, na katika sehemu nyingi za nchi hii, mharage hupandwa chini ya mahindi, na hesabu ile yote hupinduka. Dawa ya nyasi niliyoisifu hapo juu itayaua mahindi, kwa kuwa mahindi ni nyasi. Dawa ya 2,4-D itayaua maharage. Atrazini, kipenzi cha wakulima wa mahindi toka miaka ya mwisho ya 1950, mahindi huiondolea sumu ndani ya mwili wake na kuendelea. Mharage hauwezi, nao huwa njano toka kingo za majani na kufa. Na hata kama umeipiga mwaka huu katika mahindi matupu, masalio yake huweza kukaa udongoni miezi mingi, ukapanda maharage msimu unaofuata na kuyaona yakikauka bila sababu unayoijua. Nimewasikia watu wakisema udongo wao umechoka, au umerogwa. Swali la kuwauliza kwanza ni walipiga nini katika mahindi ya mwaka jana. Wenye kuchanganya mazao hubakiwa na mlango mwembamba sana, nao ni zile dawa za kabla ya kuota zinazostahimiliwa na mahindi na maharage pia, S-metolakloro ikiwa ya mbele. Baada ya hapo, jembe.

Na jembe nalo lina kazi ambazo hakuna chupa inayozifanya. Mmoja wa maadui wakubwa wa mharage katika nchi zetu ni yule inzi mdogo mweusi ambaye funza wake hutoboa shina karibu na udongo, mche ukawa njano na kufa ukingali mchanga. Mpaliliaji anayepandishia udongo katika mashina wiki mbili au tatu baada ya kuota huupa mche nafasi ya kutoa mizizi mipya juu ya jeraha, na mingi huokoka. Nilipopiga dawa nikajivuna kwamba sikuinama, niliikosa na faida hiyo. Mama aliniambia wakati ule ule, nami nikadhani ni maneno ya mzee asiyependa mambo mapya.

Liko na jambo la mboga. Mashona nguo machanga, mchicha pori na mnavu, ambayo katika orodha ya wataalamu yote ni magugu, nyumbani kwetu huingia sufuriani, na mwanamke anayepalilia hurudi na fundo la mboga kiunoni. Kongwa nalo ni chakula cha mbuzi. Huko Michigan na Ontario mnavu ni miongoni mwa magugu yanayochukiwa zaidi katika maharage, kwa sababu matunda yake huvunjika ndani ya mashine ya kuvunia na kuyatia harage jeupe madoa ya zambarau, bei ikashuka. Sisi hatuna mashine hiyo na harage letu si jeupe. Kuingiza dawa shambani ni kuondoa sahani moja mezani bila ya kumwuliza mpishi, na kuchuma mboga katika shamba lililopigwa jana ni hatari ambayo haina haja ya kuelezwa. Majani ya maharage yenyewe huliwa pia. Kwa hiyo idadi ya siku iliyoandikwa katika kibandiko, ambayo mtu lazima angoje kabla ya kuvuna, inahusu jani kama inavyohusu harage.

Kwa ndago, hata hivyo, sina sifa za kumpa jembe wala dawa. Jembe hukata mnyororo wa vijiazi vyake chini ya ardhi, na kila kijiazi kilichoachana na mwenzake huamka na kuwa mmea. Dawa nyingi zinazoruhusiwa katika maharage huunguza majani yake tu na kuviacha vijiazi. Glaifoseti kabla ya kupanda, wakati ndago ina majani yaliyokomaa, hupunguza. Kivuli hupunguza zaidi. Wakulima wa Karatu na Arumeru waliojifunza kilimo hifadhi hupanda ngwara ili ifunike udongo baada ya mahindi, na ndago, ambayo haipendi kiza, hudhoofu.

Hesabu ya bomba ndiyo inayowashinda wengi, na hapa namwomba msomaji anistahimili, kwa sababu ni hesabu ya darasa la tano inayookoa fedha nyingi. Kibandiko husema lita kadha kwa hekta, na mkulima ana bomba la lita 15 na kizibo cha chupa. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, ambao ni sehemu moja katika mia ya hekta. Tia maji matupu katika bomba, upige mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha upime maji yaliyokwenda. Yakiwa lita 2, hekta nzima itakula lita 200, yaani mabomba 13 na theluthi moja. Kama kibandiko kinataka lita 2 za dawa kwa hekta, kila bomba litapata mililita 150. Mtu mwingine, mwenye mwendo wa haraka au pua ya bomba iliyopanuka kwa kuchakaa, atapata jawabu jingine, na ndiyo sababu kizibo cha jirani si kipimo chako. Kisha upige kusipo na upepo, maana matone ya dawa huvuka mpaka bila kuuliza hati, na ugomvi mwingi wa mipakani siku hizi huanzia kwenye majani yaliyojikunja. Bomba lioshwe mara tatu kwa maji safi, pamoja na mpira, kichujio na pua, na lililotumika kwa 2,4-D, kwa maneno yasiyo na fumbo, lisiingie katika maharage kabisa kama njia ipo.

Kuhusu afya ya mpigaji nitasema machache kwa ukali. Dawa ya magugu iitwayo parakwati, iliyoingia sokoni mwaka 1962 na ambayo Umoja wa Ulaya haujairuhusu toka 2007, haina dawa ya kuondolea sumu yake. Kijiko kimoja kikubwa cha dawa isiyozimuliwa huweza kumwua mtu mzima, tena kwa kumkausha mapafu siku baada ya siku akili yake ikiwa timamu. Kuihamishia katika chupa ya soda ni kutega mtego ndani ya nyumba. Kuhusu glaifoseti, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani, na mamlaka za Ulaya na Marekani zikafikia hukumu tofauti. Mabishano hayo yangali mahakamani na maabarani, lakini hakuna upande hata mmoja uliopata kusema kwamba inafaa kupigwa miguu mitupu, shati wazi, kwa bomba linalovuja mgongoni, kama ipigwavyo kwetu. Kila chupa halali ina mstari wa rangi: nyekundu, njano, buluu au kijani, na nyekundu ndiyo sumu kali kupita zote. Toka Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, usajili wa dawa hizi uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, na namba ya usajili inapaswa kuonekana juu ya kibandiko. Laiti maduka ya pembejeo yangeagizwa pia kubandika ukutani, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyeacha miwani nyumbani, orodha fupi ya dawa na zao ambalo kila dawa hulipenda na zao inaloliua. Hiyo ingeyaokoa maharage mengi kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Mimi sikuiacha dawa, wala mama hakuliacha jembe. Sehemu tambarare iliyo karibu na njia tumeifanya ya maharage matupu. Nikishapanda, na mvua ikiwa imeulainisha udongo, hupiga ile ya kabla ya kuota, na wiki ya tatu tunaingia kwa palizi moja nyepesi ya kupandishia udongo, ambayo watu wawili huimaliza kwa siku mbili. Mteremko wa juu, wenye mahindi na maharage pamoja, ni wa jembe tu, na ndiko mnavu unakochumwa. Nimenunua mabomba mawili, la mahindi nimelipaka mkanda mwekundu na kulitundika banda la mbuzi, mbali na mwenzake. Mama hajaridhika bado. Kila anaponiona nimebeba bomba nikielekea katika maharage, husimamisha jembe lake na kuniuliza ni lipi.